Uzi Usiwe Utambi: Mhadhara juu ya Nyuzi, Karafuu na Vidonda vya Kinywa



Kabla sijaingia katika mada naomba mtazame mezani. Hapa pana glasi mbili za maji yaliyotiwa wino wa buluu. Katika glasi ya kwanza nimetumbukiza ncha ya uzi mweupe wa hariri, wa aina ile ile tunayoshonea ufizi baada ya kutoa gego lililolala ndani ya mfupa. Ncha ya pili ya uzi huo inapita juu ya ukingo wa glasi na kulala juu ya tishu kavu. Glasi ya pili nimeifanyia vivyo hivyo, ila uzi wake ni nailoni ya unyuzi mmoja, ndugu wa mshipi mnaovulia changu. Tuziache hapo. Nitazirudia.

Watu wengi wakisikia daktari wa meno huona koleo. Kwa maoni yangu kazi ngumu huanza koleo likishawekwa chini. Tundu limebaki wazi, damu inatoka, na mwenye kinywa hicho ataongea nacho, atakula nacho na kulala nacho usiku huo huo. Kidonda cha mguu utakifunga bendeji, utakikinga na vumbi. Cha kinywa huna pa kukifungia. Kinaoga mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, kinapapaswa na ulimi usiojua kutulia, na kinakaa nyumba moja na bakteria ambao aina zao zimehesabiwa zikapita 700. Ajabu ni kwamba kinywa hicho hicho hupona upesi kuliko ngozi, aghalabu bila kovu, kwa sababu ndani ya mate mna protini zinazohimiza seli kusogea na kuziba pengo. Mwili umeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Sisi tumeachiwa mambo mawili: kushika kingo za jeraha zisiachane kwa wiki moja hivi, na kulizuia lisichafuke.

Kwa miaka mingi mambo haya mawili tumeyatenga. Uzi ulipewa kushika, maji ya kusukutua yakapewa kulinda. Naamini ni kazi moja, na naamini mimea yetu, karafuu ikiwa mbele, inaweza kuingia katika kazi hiyo. Lakini iingie kwa mlango ule ule uliopitia uzi, mlango wa kupimwa.

Mwaka 1879 mmishonari wa tiba kutoka Uingereza, Robert Felkin, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Huko alimwona mpasuaji wa kienyeji akimfungua mama tumbo kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo mpasuaji akaosha mikono yake na tumbo la mama. Kazi ilipokwisha, kingo za jeraha zilishikwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa kamba ya gome la mti. Juu yake likapakwa rojo la mizizi ya aina mbili iliyotafunwa, likafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, kisha kitambaa cha gome. Siku ya sita misumari yote ilikuwa imeshatolewa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. Maelezo hayo yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara najikwaa pale pale. Misumari imehesabiwa, siku zimehesabiwa, hata kinywaji kimetajwa. Mizizi ile miwili haina jina. Ilikuwa ya mti gani? Ilichimbwa msimu gani, ikatiwa kiasi gani? Mpasuaji yule alijua, na mwanafunzi wake alijua. Chuma kilivuka bahari kwa hesabu yake kamili, mmea ukavuka kama rojo tu. Hasara hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu tunaendelea kuirudia: nyanya anatoa dawa, mjukuu anaitumia, na hakuna anayeandika kijiko kilikuwa cha ukubwa gani.

Nirudi kwenye nyuzi. Watu wameshonea kila kilichopatikana. Maandiko ya Kihindi ya Sushruta yanaeleza chungu wakubwa weusi waliowekwa ili wang'ate kingo za utumbo, kisha miili ikakatwa na vichwa vikaachwa vimeng'ata. Kwetu Afrika Mashariki miiba ya mgunga imepitishwa katika nyama na kufungwa kwa ukambaa wa mmea. Kitani kimetumika, pamba imetumika, na utumbo wa kondoo umetumika karne kwa karne, huo ambao Waingereza wanauita kwa jina la paka ingawa paka hahusiki. Utumbo una sifa njema ya kuyeyuka wenyewe mwilini, lakini kinywani huyeyuka kwa pupa. Mate huudhoofisha ndani ya siku chache. Baada ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, nchi za Ulaya ziliacha kuutumia.

Ikabaki hariri. Naipenda hariri mkononi na siipendi kinywani. Mkononi inatii, fundo lake hukaa, haimchomi mgonjwa ulimi, na bei yake inabebeka. Lakini hariri ya kushonea ni uzi uliosukwa, nyuzi nyembamba nyingi zilizokumbatiana, na kati yao mna vijia visivyoonekana kwa macho. Waliokua na kibatari nyumbani wanajua utambi hufanya nini: hauchagui, kilichopo chini hukipandisha juu. Uzi uliosukwa ukiwa nusu ndani ya mate na nusu ndani ya nyama ni utambi. Mate hupanda, na bakteria huja nayo hadi mahali ambapo brashi haifiki na damu haijajenga ulinzi.

Niliwahi kumshona mvuvi mmoja baada ya kumtoa gego, nikamwambia arudi baada ya siku saba nimtoe nyuzi. Alirudi baada ya wiki tano. Alikuwa dago, kambi ya wavuvi, na dago haina kliniki. Uzi ulikuwa umezama, ufizi umevimba na kuufunika, na nilipouvuta ilitoka harufu ambayo bado naikumbuka. Yule bwana hakuwa mzembe. Alikwenda kulikokuwa na samaki, kama nilivyokwenda mimi kulikokuwa na mshahara. Kosa lilikuwa langu, niliyemshona kwa uzi unaohitaji miadi.

Tangu siku hiyo, kwa mgonjwa anayetoka mbali hutumia uzi unaoyeyuka. Wenye kujulikana zaidi ni poliglaktini, ulioingia sokoni mwaka 1974. Sehemu 9 kati ya 10 za malighafi yake ni asidi ya glikoliki na sehemu 1 ni asidi ya laktiki, ile inayochachusha maziwa ya mgando, ambayo viwanda aghalabu huipata kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa. Mwilini uzi huu hukatwakatwa na maji yenyewe, na huisha kabisa kati ya siku 56 na 70. Kinywani mafundo huachia mapema zaidi. Ipo pia nailoni, ambayo haina vijia vya utambi, ila ncha zake ni kali na wagonjwa hulalamika kuchomwa shavu. Na ipo gundi. Mwaka 1942 mkemia wa Marekani, Harry Coover, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, akakutana na kitu kinachonata kila mahali. Jamaa wa gundi hiyo, wenye minyororo mirefu ya molekuli, sasa hufunga ngozi na hata fizi. Naomba mtu yeyote asitoke hapa akapaka gundi ya dukani kwenye kidonda. Ile ni ya mnyororo mfupi. Hupata joto inapokauka, na ikivunjika hutoa sumu inayokera nyama.

Kwa hiyo kushika tunakujua. Kulinda ndiko kunakotusumbua.

Mlinzi mkuu wa kinywa kwa nusu karne amekuwa klorheksidini. Mwaka 1970 watafiti Löe na Schiøtt, kule Denmark, walionyesha kwamba mtu akisukutua kwa dawa hii ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, ukoga haujengeki hata asipopiga mswaki. Siri yake iko katika kunata. Hushikamana na jino na ufizi, ikaachia kidogo kidogo kwa saa nyingi. Lakini wagonjwa hawaipendi, na wana haki. Hupaka meno rangi ya kahawia na huharibu ladha ya chakula. Nyuzi nazo zikajaribiwa kutiwa dawa. Kuanzia mwaka 2002 Marekani iliruhusu uzi uliopakwa triklosani. Mwaka 2016 nchi hiyo hiyo iliiondoa triklosani katika sabuni za kunawia za madukani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha usalama wake kwa matumizi ya kila siku wala kwamba inaishinda sabuni ya kawaida. Uzi haukuguswa na amri hiyo, lakini wapo watafiti waliogeuza macho kutazama mimea.

Hapo ndipo Pemba inapoingia, na naomba mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda mrefu.

Kila nyumba katika kisiwa hiki inajua kwamba jino likiuma unaweka karafuu. Si imani tupu. Asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na kiasi kidogo cha yujenoli hutuliza mishipa ya fahamu na kupunguza kemikali ambazo mwili huzitoa kuleta uvimbe na maumivu. Pia huwadhuru bakteria kwa kutoboa ngozi zao. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa meno waliyachanganya mafuta haya na unga mweupe wa oksaidi ya zinki, wakaukanda juu ya kioo mpaka ukawa mgumu kama ugali uliolala, wakazibia meno. Simenti hiyo tunaitumia hadi leo. Harufu inayowapiga mnapofungua mlango wa kliniki yoyote ya meno duniani, iwe Chake Chake au Copenhagen, ni harufu ya karafuu.

Watu husifu simenti ile kwa kutuliza. Mimi naisifu kwa jambo jingine. Ndani yake zinki imeishika yujenoli. Maji yakiigusa, kifungo kinalegea taratibu, na yujenoli inaachiwa kwa kiasi kidogo mno, siku baada ya siku. Yaani miaka mingi kabla watu hawajaanza kuzungumza juu ya uzi unaotoa dawa polepole, karafuu ilikuwa tayari imefungiwa katika simenti inayoitoa polepole.

Na bila kifungo hicho? Nilipokuwa kijana kazini, mgonjwa alikuja na tundu lililopoteza bonge lake la damu, mfupa uko wazi. Wanaoyajua maumivu hayo wanajua. Nilichovya pamba katika mafuta matupu ya karafuu, nikaijaza tunduni na kuiacha. Maumivu yalikatika pale pale na mgonjwa akanishukuru. Siku mbili baadaye ufizi wa pembeni ulikuwa mweupe kama umemwagiwa maji ya moto, ukachunika. Nilikuwa nimeunguza nyama hai kwa dawa sahihi. Yujenoli ile ile inayotuliza ikiwa haba huua seli ikiwa nyingi. Huzuia hata plastiki ya kisasa ya kuzibia jino isigande vizuri, ndiyo maana hatuziweki pamoja. Mgonjwa wangu alipona, lakini ukubwa wa pamba ile sikuuandika popote, kwa hiyo hata kosa langu sikuweza kulifundisha kwa wengine inavyopasa.

Mswaki nao una habari yake. Nasema mti, siyo brashi ya plastiki iliyorithi jina. Mwaka 2008 watafiti wa chuo cha Karolinska, Sweden, waliweka vipande vya mti huu ndani ya sahani zenye bakteria wa kinywa, na vingine wakavining'iniza juu bila kugusa. Hata vilivyoning'inia viliua bakteria, hasa wale wa ugonjwa wa fizi. Kilichoruka hewani baadaye kilibainishwa kuwa benzili isothiosianeti, jamaa wa ule ukali wa haradali unaopanda puani. Kwa kuwa huruka, kijiti kibichi kina nguvu kuliko kilichokauka. Wazee wanaokata ncha mpya kila asubuhi wako katika haki. Ila msisugue kwa hasira. Ufizi ukirudi nyuma haurejei wenyewe.

Manjano yanapewa sifa nyingi kuliko yanavyostahili, na najua nitawaudhi baadhi yenu. Kurkumini yake haiyeyuki vizuri katika maji, huvunjika upesi, na ina tabia ya kung'ara na kushikamana na kila kitu, kiasi cha kuvidanganya vipimo vya maabara. Mwaka 2017 wakemia walichapisha onyo refu juu ya jambo hilo. Sisemi muyatoe jikoni. Nasema tokeo zuri la manjano katika sahani lichunguzwe mara mbili. Mwarobaini umeonyesha matumaini katika maji ya kusukutua, na uchungu wake tunaujua sote.

Halafu kuna mmea ambao umeshaingia tunduni bila kelele. Damu inapokataa kukatika baada ya kung'oa jino, tunajaza tundu kitambaa chepesi cha selulosi iliyooksidishwa, inayotokana na mbao au pamba. Inavuta damu igande, kisha inayeyuka. Hakuna anayeiita dawa ya kienyeji, kwa sababu vipimo vyake vimeandikwa kwenye pakiti.

Sasa tuseme kijana mmoja humu ukumbini anataka kutengeneza uzi wenye yujenoli. Afanyeje? Wengi huanza kwa sahani: unapanda bakteria, unaweka kipande cha uzi, na kesho yake unapima duara tupu lililokizunguka. Duara likiwa pana, watu hupiga makofi. Lakini sahani haina mate yanayosuuza, haina ulimi, na mara nyingi ina bakteria wa aina moja tu waliotawanyika. Kinywani hujenga ukoga, mji wenye kuta, na ndani ya kuta hizo huweza kuhimili dawa mara 10 hadi 1,000 zaidi. Kisha kuna fundo: uzi uliolowa mafuta huteleza, na fundo likifunguka usiku jeraha linafunguka nalo. Kuna kutakasa: joto au mionzi ya kuua vijidudu kwenye pakiti huweza kuiharibu au kuirusha yujenoli kabla uzi haujafika Pemba. Na kuna swali la seli za ufizi, maana dawa inayoua bakteria na kumwunguza mgonjwa nilishaitumia mimi, na sitaki mwingine airudie.

Ukivuka yote hayo ndipo unakuja kwa mtu. Kinywa kina neema hapa: mgonjwa anayehitaji kutolewa magego ya mwisho ya chini, kulia na kushoto, ana vidonda viwili vinavyofanana. Unarusha sarafu, upande mmoja uzi mtupu, mwingine uzi wenye dawa. Anayepima uvimbe asijue upi ni upi. Mtu anajilinganisha na nafsi yake, umri ule ule, chakula kile kile. Ni mpango mzuri, lakini karafuu inauvuruga mara mbili. Harufu humfichulia mpimaji siri, na mate hubeba yujenoli kutoka kushoto kwenda kulia, hata upande usio na dawa ukapata dawa. Anayefanya jaribio hili aache wiki kadhaa kati ya upande mmoja na mwingine, na uzi mtupu nao autie harufu isiyo na kazi.

Kuna hatua inayotangulia zote, na hiyo haihitaji maabara ya Sweden. Kule Wawi, hapa Pemba, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotolewa mafuta hutoka mashamba mbalimbali na misimu mbalimbali. Mafuta ya makonyo hutofautiana na ya karafuu yenyewe, na ya mwaka wa mvua huenda yasilingane na ya mwaka wa ukame. Mtu anayetaka kuyaweka ndani ya jeraha ni lazima ajue shamba, mwezi, sehemu ya mti, na asilimia ya yujenoli katika chupa ile. Daftari moja la namna hiyo, likiandikwa kwa miaka kumi na watu wanaojua kutofautisha konyo na mpeta, karafuu iliyoiva mtini, lingekuwa na thamani kubwa kwangu kuliko mafuta yenyewe. Walimu wa sayansi mlioko hapa, wanafunzi wenu wanatoka katika nyumba zinazoanika karafuu barazani. Waanze na jina la shamba na tarehe.

Sasa tutazame glasi. Mzee uliyekaa karibu, tafadhali inua tishu ya kwanza uwaonyeshe walio nyuma. Doa la buluu limeshapita upana wa sarafu, na limeanza kuingia kitambaa cha meza. Tishu ya pili, ya nailoni, ishike kwa vidole. Kavu. Ziacheni hapo hapo hadi kesho asubuhi, atakayefungua ukumbi aone maji ya glasi ya kwanza yamepungua kiasi gani.